Kocha mkuu mpya wa futiboli ya vyuo Marekani: kwa nini huja na watu wake badala ya kutafuta walio bora?

#1 Mtoto wa Makorora (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Kwa misimu mitatu sasa nafuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya mpira wenye umbo la yai, si soka) nikiwa hapa Tanga, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na kila Desemba inapokaribia kuna jambo linalonikosesha jibu. Chuo kinamwondoa kocha mkuu, kinamtangaza mwingine, na muda si mrefu huyo mpya ameshajaza benchi zima la ufundi: mratibu wa mashambulizi, mratibu wa ulinzi, kocha wa timu maalumu (zile za mipira ya kupigwa kwa mguu), na makocha wa kila nafasi uwanjani. Ukiyapitia majina unakuta wengi ni wale wale aliokuwa nao alikotoka.

Curt Cignetti alipotoka James Madison kwenda Indiana mwishoni mwa Novemba 2023 alihama na benchi lake lote, na timu iliyokuwa imeshinda michezo 3 na kupoteza 9 ikashinda 11 msimu uliofuata. Hapo sina neno. Lakini Lincoln Riley naye alihama Oklahoma kwenda USC Novemba 2021 pamoja na mratibu wake wa ulinzi, Alex Grinch, na ulinzi ule ukavuja mpaka Grinch akaondolewa Novemba 2023, msimu ukiwa bado unaendelea. Riley alikuwa na jina na fedha za kumpata karibu mtu yeyote, na bado alimchukua aliyemzoea. Dai langu ni kwamba kocha mkuu mpya hachagui wasaidizi bora, bali huchagua wasaidizi ambao hawatamshangaza. Mnaoishi huko, au mliowahi kukaa karibu na timu hizi, naomba mnieleze kama nakosea.

#2 Mzee wa Columbus

Swali zuri, ndugu. Nipo Ohio mwaka wa 19 sasa, na naona unamwonea kocha kwa sababu hujaitaja kalenda. Tangu 2017 vijana wa sekondari wanaruhusiwa kusaini kujiunga na chuo mwezi Desemba, badala ya kusubiri Februari kama zamani, na mwaka 2024 siku hiyo ilisogezwa mbele tena hadi Desemba 4. Msimu wa kawaida huisha Jumamosi ya mwisho ya Novemba au karibu na hapo. Kwa hiyo kocha anayeajiriwa Jumapili ana siku chache mno za kuwatuliza vijana ishirini na kitu waliomwahidi mtangulizi wake, huku wachezaji aliowakuta wakiwaza kuhama. Nani atakwenda kukaa sebuleni kwa wazazi wa kijana kule Georgia au Florida? Hana nafasi ya kutangaza kazi na kufanya usaili. Anampigia simu mtu ambaye akiambiwa apande ndege leo, anapanda leo.

#3 Mwalimu Stambuli

Kabla ya hoja, nisahihishe bandiko namba 1. Cignetti hakuhama na benchi "lote". Waratibu wote wawili, Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi, walitoka naye James Madison, lakini Bob Bostad, kocha wa safu ya mbele ya mashambulizi, alikuwapo Indiana tangu enzi za Tom Allen, kocha mkuu aliyetangulia, na akabakizwa. Safu ya mbele si sehemu ndogo. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, asipolindwa, mengine yote ni hadithi.

Sasa hoja. Mzee wa Columbus anasema ni muda, mimi nasema ni lugha. Katika futiboli ya Kimarekani kila agizo linalotolewa kutoka pembeni mwa uwanja ni sentensi ndefu yenye mpangilio wa wachezaji, nani atasogea kabla mpira haujatoka, kwotabeki analindwaje, na kila mpokeaji anakimbia njia gani. Mfumo mmoja huita jambo hilo hilo kwa namba, mwingine kwa jina la rangi au mji. Kocha mkuu akileta wasaidizi kumi kutoka mifumo kumi, majira ya kuchipua yatakwisha wakiwa bado wanafundishana msamiati wenyewe kwa wenyewe, na kanuni zinawapa mazoezi 15 tu katika kipindi hicho. Wasaidizi wanaotoka naye wanaijua lugha tayari, hivyo siku ya kwanza wanafundisha wachezaji badala ya kufundishwa wao. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nimewahi kubadilishiwa mtaala katikati ya mwaka, kwa hiyo jambo hili naliona kwa macho mawili.

#4 Kinara wa Chamazi

Mwalimu Stambuli, kila uzi lazima utufikishe darasani! Hata hivyo jambo hili si geni kwetu. Kocha mgeni anayekuja Simba au Yanga mara nyingi hutaka aje na kocha wake wa viungo na kocha wake wa makipa, na uongozi nao hutaka abaki mwenyeji anayewajua wachezaji na ligi. Pale Simba makocha wakuu wangapi wamekuja na kuondoka huku Selemani Matola akiendelea kuonekana kwenye benchi? Yanga nao, Cedric Kaze alikuwa kocha mkuu, akaondoka, kisha akarudi kuwa msaidizi wa Nabi.

Kuhusu Marekani, mfano wangu ni Nick Saban. Alipoingia Alabama mwaka 2007 alimleta Kirby Smart kuwa mratibu wa ulinzi, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi pamoja katika chuo cha LSU na timu ya kulipwa ya Miami Dolphins. Kwa hiyo hata mkubwa kuliko wote alianza na mtu wake.

#5 Mzee wa Columbus

Kinara, umekosea kidogo, na kosa lenyewe linabadilisha maana. Mwaka 2007 Smart aliletwa Alabama kuwa kocha wa mabeki wa ulinzi, na uratibu alipewa 2008. Ni kweli walijuana, lakini hata mtu aliyemjua, Saban alimweka kwanza mahali padogo akamtazama msimu mzima. Tena usisahau kwamba katika benchi lile lile la kwanza la Saban alikuwamo huyu huyu Cignetti anayezungumzwa hapo juu, akiwafundisha wapokeaji na kuratibu usakaji wa vipaji.

#6 Mama Uvira

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, naishi Iowa na familia yangu, na neno langu linatoka upande wa mzazi.

Kijana wangu alisajiliwa na chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Kocha mkuu nilimwona mara moja tu. Aliyekuja nyumbani ni msaidizi, kocha wa safu ya mbele ya ulinzi, na alikuja mara nne. Mara ya kwanza alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kwa kuwa aliona vyetu vimepangwa pale. Alikula sombe (kisamvu) na samaki, akauliza ilivyopikwa, na mara ya pili alipokuja aliikumbuka kwa jina. Mwanangu alikwenda kwa ajili ya mtu yule. Mwaka uliofuata kocha mkuu akafukuzwa, na wasaidizi karibu wote wakaondolewa naye. Kocha mpya wa nafasi ile alimpigia kijana simu ya dakika tatu hivi, na jina lake la ukoo alilitamka vibaya mara mbili. Ninyi mnazungumza muda na lugha ya mbinu, na ni kweli. Lakini kocha mkuu anayekuja akiwatoa wasaidizi wote, anang'oa pia mizizi iliyokuwa imeshika wachezaji. Je, hilo halihesabiwi?

Na hapa Iowa tumeona sura nyingine ya kuchagua mtu wako. Kirk Ferentz, kocha mkuu wa University of Iowa tangu msimu wa 1999, alimpa mwanawe Brian uratibu wa mashambulizi kuanzia 2017. Kwa sababu ya kanuni za kuzuia upendeleo wa kindugu, mwana hakuwa chini ya baba kiutawala bali chini ya mkurugenzi wa michezo. Mwaka 2023 mkataba wake ulipunguzwa mshahara kwa dola 50,000 na kuwekewa sharti la timu kufikisha wastani wa pointi 25 kwa mchezo. Haikufika, na Oktoba mwaka ule ilitangazwa kwamba hatarudi. Nilimhurumia mzee yule. Baba kukaa kimya wakati watu wanahesabu pointi za mwanawe kila Jumamosi si jambo jepesi.

#7 Nahodha wa Kojani

Pole, Mama Uvira. Hesabu unayoiuliza ipo, ila ziko hesabu nyingine zinazoizidi nguvu, nazo ni za fedha. Niko Houston, na ninavyoona mimi nusu ya uchaguzi huu inafanyika kwenye mikataba kabla kocha hajampigia mtu simu. Kocha mkuu anapojadiliana na chuo, mbali na mshahara wake, hujadili pia fungu la mishahara ya wasaidizi, na fungu hilo ndilo linalosema kama atapata mtu wa chaguo la kwanza au la nne. Lane Kiffin alipoingia Tennessee kwa msimu wa 2009 alimleta baba yake, Monte, kuwa mratibu wa ulinzi kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola milioni 1.2, na watu walishangaa. Leo baadhi ya waratibu wa vyuo vikubwa wanapata zaidi ya milioni 2.

Kuna pia mawakala. Jimmy Sexton peke yake amewawakilisha makocha wengi wa juu, wakiwemo Saban na Kirby Smart. Kocha mkuu na msaidizi wanapokuwa na wakala mmoja, mazungumzo yanakuwa mafupi. Na yapo madeni ya nyuma: msaidizi aliyeondolewa akiwa bado na mkataba anaendelea kulipwa na chuo cha zamani, kwa hiyo mahali pengine anaweza kukubali mshahara mdogo. Saban alilitumia hilo kwa akili sana. Makocha wakuu walioanguka walikwenda Alabama kuwa wachambuzi tu, yaani watu wa ofisini wasioruhusiwa wakati ule kufundisha uwanjani, wakajifunza na kusubiri. Steve Sarkisian alikuwa mchambuzi pale 2016, na Lane Kiffin, ambaye wakati huo alikuwa mratibu wa mashambulizi Alabama, alipoondolewa kabla ya fainali ya Januari 2017, Sarkisian ndiye aliyekabidhiwa mashambulizi. Baadaye alirudi kuwa mratibu, na Januari 2021 akaajiriwa Texas kuwa kocha mkuu. Tazama alichofanya: alichukua Kyle Flood wa mashambulizi na Jeff Banks wa timu maalumu kutoka Alabama, lakini mratibu wa ulinzi, Pete Kwiatkowski, akamtoa Washington. Upande anaoujua mwenyewe aliweka watu wake, na upande asioujua akatafuta fundi.

#8 Fundi Mlango

Nimesoma yote kwa makini, na nina jambo nililoliona mwenyewe. Kabla ya kuhamia Kanada nilikuwa fundi wa majengo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, na jengo la futiboli lilikuwa katika zamu yangu wakati kocha mkuu alipobadilishwa.

Asubuhi ya Jumatatu nilipewa orodha ya milango 14 ya kuondolewa vibao vya majina. Vibao vile vilishikwa kwa skrubu mbili ndogo, na chini ya kila kimoja rangi ya ukuta ilikuwa mpya, isiyoguswa na jua, kwa hiyo kila mlango ulibaki na kistatili cheupe. Mlango mmoja niliambiwa nisiuguse. Ulikuwa wa kocha wa wabeba mpira, ambaye alikuwa mwenyeji wa jimbo lile na makocha wote wa sekondari za karibu walimjua. Kocha wa viungo, aliyekuwa akikaa na wachezaji miezi ambayo wengine hawaruhusiwi kuwafundisha kwa kirefu, yeye aliondoka.

Lililonikaa zaidi ni hili. Jioni ile niliitwa kutengeneza taa ya chumba cha mikutano, na kocha mpya alikuwamo peke yake na jalada jeusi limefunguliwa mezani. Kila nafasi ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa majina matatu. Sikuyasoma, lakini kutoka juu ya ngazi niliona kwamba mengine yamekatwa na kuandikwa upya kwa wino tofauti, na pembe za karatasi zimechakaa. Jalada lile halikutengenezwa wiki ile. Mtu yule alikuwa amechagua benchi lake miaka mingi kabla hajapewa timu. Kwa hiyo, Mzee wa Columbus, sidhani kwamba ufupi wa muda ndio unaoamua nani aje, ingawa unaamua nani atapatikana.

#9 Mtoto wa Makorora

Fundi Mlango, ahsante sana. Bandiko lako limenifanya nijiulize swali jipya. Kama kila ukurasa una majina matatu, basi sisi watazamaji huenda tunamhukumu kocha kwa jina la tatu huku tukidhani ni la kwanza. Kuna mtu ana mfano ambapo tunajua chaguo la kwanza lilikuwa nani?

#10 Mwalimu Stambuli

Upo, na ni wa Alabama tena. Saban alistaafu Januari 10, 2024, na siku mbili baadaye Kalen DeBoer akaajiriwa kutoka Washington. Mtu wa DeBoer ni Ryan Grubb, ambaye wamekuwa pamoja tangu Sioux Falls, kisha Eastern Michigan, Fresno State na Washington. Grubb alimfuata Alabama, lakini Februari akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks kuwa mratibu wao wa mashambulizi. DeBoer akampa kazi Nick Sheridan, aliyekuwa naye Washington vilevile, na Seattle walipomwondoa Grubb baada ya msimu mmoja, DeBoer akamrudisha mwaka 2025. Ukurasa wa kwanza wa jalada haukufutwa, ulisubiri.

Lakini nina mfano unaotikisa hoja zetu zote, ikiwemo yangu ya lugha. Ed Orgeron wa LSU mwaka 2019 alimchukua Joe Brady, kijana msaidizi kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, akamkabidhi mashambulizi ya pasi pamoja na mratibu Steve Ensminger. Lugha mpya, mtu mpya, na LSU ikashinda michezo 15 kati ya 15 na ubingwa wa taifa. Brady akaondoka kwenda Carolina Panthers, timu nyingine ya kulipwa, na mratibu wa ulinzi, Dave Aranda, akaenda Baylor kuwa kocha mkuu. Nafasi ya Aranda akapewa Bo Pelini, ambaye LSU walimjua vizuri kwa kuwa alikuwa mratibu wao kuanzia 2005 hadi 2007. LSU ikamaliza 2020 kwa kushinda 5 na kupoteza 5, na Pelini hakurudi. Mgeni alileta ubingwa, na aliyejulikana akaleta maumivu, chini ya kocha mkuu yule yule.

#11 Kinara wa Chamazi

Mwalimu leo amejipinga mwenyewe kwa maandishi, na uzi huu uhifadhiwe! Ila 2020 ulikuwa mwaka wa korona na wachezaji wengi wa ubingwa walikuwa wameondoka, basi tusimbebeshe Pelini mzigo wote.

Mimi naongeza Dabo Swinney wa Clemson. Januari 4, 2012, timu yake ilifungwa na West Virginia 70 kwa 33 katika mchezo wa baada ya msimu uitwao Orange Bowl. Akamwondoa mratibu wa ulinzi, akamchukua Brent Venables kutoka Oklahoma, na mataji mawili yakafuata. Venables alipoondoka mwishoni mwa 2021, Swinney akapandisha watu wa ndani, Wes Goodwin kwa ulinzi na Brandon Streeter kwa mashambulizi. Streeter alidumu msimu mmoja tu kama mratibu kamili. Naona kocha hutafuta wa nje anapokuwa ameumizwa, na hupandisha wa ndani anapokuwa ameridhika.

#12 Nyota ya Ziwa

Ndugu zangu, kuna upande ambao hamjaugusa. Mnaposema "mtu anayemjua", ulizeni watu hujuana wapi. Kwa miaka mingi makocha weusi wamelalamika kwamba huajiriwa kusaka vipaji na kufundisha wabeba mpira au wapokeaji, huku wale wa kuita mbinu wakitoka katika duara jingine, na kocha mkuu wa kesho hutoka kwa waratibu wa leo. Ligi kubwa ya kusini, SEC, haikuwa na kocha mkuu mweusi mpaka Mississippi State ilipomwajiri Sylvester Croom Desemba 2003. Marcus Freeman alikuwa mratibu wa ulinzi Notre Dame, akapandishwa Desemba 2021, na Januari 2025 akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kufika fainali ya ubingwa wa taifa. Asingepewa uratibu kwanza, asingeonekana. Kwa hiyo jalada jeusi la Fundi Mlango lina majina mazuri, lakini pia linaacha nje watu ambao mwenye jalada hakuwahi kukaa nao chumba kimoja, na mimi silioni kuwa jambo dogo.

#13 Mzee wa Columbus

Nyota, nakubaliana nawe, na nataja mfano wa hapa jirani yangu. Larry Johnson, kocha wa safu ya mbele ya ulinzi, alikuwa Penn State tangu 1996, akaja Ohio State 2014 chini ya Urban Meyer, na Ryan Day alipochukua timu kwa msimu wa 2019 akambakiza. Hiyo ndiyo mizizi aliyoitaja Mama Uvira. Day huyo huyo mwaka 2024 alimpa uratibu wa mashambulizi Chip Kelly, aliyemfundisha alipokuwa kwotabeki New Hampshire na ambaye aliacha ukocha mkuu wa UCLA ili aje, na msimu ule Ohio State ikatwaa ubingwa. Ni mtu anayemjua na ni bora pia. Si lazima uchague kimoja.

Jambo la kanuni, kwa kuwa mtu aliniuliza faraghani: wasaidizi walikuwa 9, wakawa 10 mwaka 2018, na tangu kiangazi cha 2024 hata wachambuzi wanaruhusiwa kufundisha mazoezini na kwenye mchezo. Kilichobaki na kikomo ni kwenda nje kusaka vipaji, ambako ni kocha mkuu na wasaidizi 10. Kwa hiyo sasa kocha anaweza kumweka fundi wa mbinu asiyejua kukaa na wazazi, na kuzitunza zile nafasi 10 kwa wanaojua. Na baadhi ya vyuo vimeweka meneja mkuu juu ya usajili. Stanford walimpa kazi hiyo Andrew Luck, kwotabeki wao wa zamani, Novemba 2024. Huyo naye atataka sauti katika kuchagua benchi.

#14 Mtoto wa Makorora

Nashukuru wote. Nimebadilisha nusu ya dai langu, na nusu nyingine bado ninayo. Mama Uvira, kijana aliendeleaje?

#15 Mama Uvira

Alibaki chuoni, akacheza kidogo mwaka ule. Yule kocha wa kwanza alikaa bila kazi miezi saba, mke wake na watoto wakiwa bado katika mji ule ule ili wamalize shule. Kisha rafiki yake wa zamani akapata ukocha mkuu wa chuo kingine kidogo, akamwita. Alimpigia mwanangu wiki ile ile. Kwanza alimuuliza ana kilo ngapi sasa, halafu akauliza kama mama bado anapika sombe.